Maji Yaliyokatazwa Wodini

Wanangu huniambia nina hasira za zamani, zisizokuwa na mtu wa kupelekewa. Ni kweli. Wengi walionikasirisha wakati ule wamekwisha kufa, na mmoja wao namwona kila asubuhi nikijitazama kwenye kioo. Hata hivyo nitayaeleza, kwa sababu mpaka leo nasikia watu, tena watu waliosoma, wakisema kwamba vidonda vya wazee wetu vilikuwa vikioza hospitalini kwa uchafu wao wenyewe. Mimi nilikuwapo. Bibi yangu aliponea chupuchupu kuoza kwa sababu ya usafi, na usafi wenyewe niliumimina mimi kwa mkono wangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, Mwingereza bado anatutawala. Nilikuwa nikiishi Zinga na Bibi, mama yake baba, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno, asiyekubali kushindwa na mtu wala mnyama. Siku hiyo alikuwa ameanika mpunga kwenye jamvi uani. Mbuzi wa jirani, ambaye Bibi alikuwa amekwisha kumshtaki mara chungu nzima, akaingia. Bibi akamkimbilia na mwiko mkononi. Mguu ukanasa kwenye ukingo wa jamvi, akaanguka ubavu wa kulia. Nilimsikia akimtukana mbuzi, kisha akanyamaza. Nilipofika, mguu wake mmoja ulikuwa umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umegeukia nje.

Tulimwita mzee wa kuunga mifupa kutoka Kerege. Watu wa mjini hupenda kuwatupia waunga mifupa lawama zote, lakini huyu simlaumu kwa lolote. Alipapasa kwa vidole viwili tu, akaondoa mkono.

"Umevunjika ndani ya nyonga," akasema. "Nikiuvuta nitamtesa bure. Mpelekeni Dar es Salaam leo hii, msingoje kesho."

Tukampakia kwenye lori lililobeba nazi, juu ya godoro la usufi. Mimi nilikaa nimeushika mguu kati ya mito miwili, na kila shimo la barabara lilimtoa machozi. Hakulia kwa sauti. Alinibana kiganja mpaka kucha zake zikaacha alama.

Jina la hospitali nitalimeza. Ilikuwa kubwa, ina wodi ndefu ya wanawake wa Kiafrika, vitanda vya chuma safu mbili, sakafu inayong'aa. Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye haraka. Maneno yake yalifika kwetu kwa kupitia kwa dresa, yule mfunga vidonda, Mwafrika mwenzetu aliyevaa kaptula nyeupe zilizopigwa wanga. Akatueleza kwamba mfupa utatiwa msumari wa chuma, na kwamba Bibi ataweza kusimama tena kwa gongo.

"Lakini daktari anasema sikilizeni vizuri," dresa akaendelea. "Uchafu ukiingia kwenye jeraha ukafika kwenye huo msumari, basi. Usaha ulioingia kwenye mfupa haufukuziki kwa urahisi. Itabidi tuutoe msumari, na bibi yenu atalala hivyo hivyo mpaka mwisho wake, na mwisho wenyewe hautakuwa mbali. Jeraha likae kavu mpaka nyuzi zitolewe. Siku kumi na mbili."

Bibi alikuwa na swali moja tu. Akamtazama dresa, akasema, "Muulize kama nitaweza kwenda chooni mwenyewe."

Dresa akacheka, hakuuliza. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilimjua. Yeye hakuwa anauliza habari za kutembea.

Operesheni ilikwenda vizuri. Alirudi akiwa na bendeji nene kwenye nyonga, ananuka dawa, anaita watu waliokufa zamani. Kesho yake akili ilikuwa imerudi. Hapo ndipo sista, muuguzi mkuu wa wodi, Mzungu mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuamrisha, alipotupa masharti, na dresa akayatafsiri. Hakuna kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa. Hakuna kugusa bendeji. Hakuna kumpaka mafuta. Jamaa mmoja tu kwa mgonjwa mmoja, asubuhi na jioni, kumlisha. Na maji hayaingii kitandani kabisa, ila ya kunywa.

Masharti hayo yalikuwa na maana, nayakubali leo na niliyakubali hata siku ile. Ila walipomaliza kuyasema, wakamletea Bibi beseni bapa la kujisaidia kitandani, na kando yake wakaweka kipande cha pamba kikavu.

Bibi akaitazama ile pamba.

"Hii ya nini?" akaniuliza.

Nikamweleza. Akafunga macho. Mtu ambaye hajalelewa kwetu anaweza kudhani ni jambo dogo. Bibi hakuwa amewahi kutoka chooni bila maji tangu alipoanza kupata akili. Kwa watu wa pwani, kujifuta kwa kitu kikavu hali maji yapo ni jambo ambalo hata kulisimulia kunatia haya, na mwenye najisi mwilini hasali. Alikuwa haachi kumtaja Mungu hata siku aliyozaa mtoto wa mwisho akamzika siku hiyo hiyo, na mzazi hana sala; alikaa kitako akavuta uradi ilhali hawezi kusimama. Sasa walikuwa wanamwambia alale na najisi siku kumi na mbili, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Alifanya alichokiweza. Aliacha kunywa. Nikimletea uji alilamba kijiko kimoja, nikimletea maji ya madafu alitikisa kichwa. Alikuwa anajibana ili asilihitaji lile beseni. Siku ya pili midomo yake ilikuwa imepasuka, na mkojo kidogo uliotoka ulikuwa mweusi, unanuka. Joto likampanda. Sista akaja, akatazama ile karatasi iliyoning'inia kwenye kitanda, akasema neno kwa dresa, na dresa akaniambia mimi, "Mnyweshe maji huyu, au mnataka afe?" Kama kwamba mimi ndiye niliyekuwa namnyima. Nilitaka kumwambia iliko kasoro, lakini yeye alikuwa mwanamume nami msichana, na mambo ya Bibi hayakuwa ya kusemwa mbele yake. Nikanyamaza. Huo ni ukimya wa kwanza ninaojilaumia.

Siku ya tatu akaja shangazi, binti yake Bibi, kutoka Zinga, akaingia kwa kujidai jamaa wa mgonjwa mwingine. Alipomwona mama yake amegeukia ukutani, hasali, hasemi, akanivuta kando ya dirisha.

"Hivi weye umekuja hapa kuangalia tu?" akaniambia kwa sauti ya chini. "Mama yangu analala na uchafu, na weye upo?"

"Shangazi, wamekataza maji."

"Wamekataza. Na wewe ukatii. Kesho naleta birika."

Akalileta kweli, ndani ya kapu, chini ya mkate wa kumimina. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kulitumia. Kwetu mtoto haoni utupu wa mama yake, na mkamwana ndiyo kabisa. Mjukuu yuko nje ya haya hiyo, kwa kuwa ni mtani. Bibi alikuwa akiniita mke mwenzangu tangu nikiwa mdogo, akidai namnyang'anya mume, na babu amekufa zamani. Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Shangazi alisimama katikati ya njia ya vitanda, ametandaza khanga yake kama anaikunja, ili sista asione.

Nikammiminia. Alikuwa amelala chali juu ya lile beseni, nami nikamsafisha kwa mkono wa kushoto kama inavyopaswa, polepole, mpaka mwenyewe akasema imetosha. Kisha akatawadha kwa maji kidogo yaliyobaki, akasali kwa ishara ya macho na kidole. Alipomaliza akaomba maji ya kunywa, akanywa vikombe viwili.

"Ahsante, mke mwenzangu," akasema. "Sasa hata nikifa nitajibu maswali ya kaburini."

Nilifurahi siku ile. Nasema kweli, nilitembea mpaka Kariakoo, kwa jamaa walionipokea, nikiona nimefanya jambo kubwa kuliko daktari. Kwamba maji yaliyomwagika yalikuwa yameteremka nyuma, chini ya paja, yakanywewa na bendeji, halikunipitia akilini. Bendeji ilikuwa nyeupe kwa juu. Nani angeigeuza?

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelala bibi mwingine, wa Mkange, aliyevunjika nyonga kama Bibi na kutiwa msumari siku moja kabla yake. Alikuwa mpole, mwembamba, anasema Kiswahili chenye Kizigua ndani. Alikuwa na mkamwana tu wa kumhudumia, msichana mwenye adabu, ambaye asingeweza kumvua mama mkwe wake hata kwa kulazimishwa. Huyu bibi alikuwa ameona kila kitu.

"Mjukuu wangu," akaniita. "Nami nina Mungu kama mwenzangu huyo."

Ningekataa vipi? Nikaenda na birika. Mkono ule ule, nikiwa nimeusuuza kwa maji matupu tu, bila sabuni. Nikatoka kwa mmoja nikaingia kwa mwingine, siku nne mfululizo, asubuhi na jioni. Tena nilikuwa najivuna, wanawake wa vitanda vya mbele wakinibariki.

Asubuhi ya siku ya nne ya birika dresa akaja na kigari chake kubadilisha bendeji. Alimgeuza Bibi ubavu, na bendeji ilikuwa imelowa upande wote wa nyuma, ina rangi ya manjano. Chini yake ngozi pembeni mwa nyuzi ilikuwa nyekundu, imevimba, ya moto. Akachungulia chini ya kitanda, akalikuta birika.

Sista akaitwa. Sikujua Kiingereza, lakini sikuhitaji kutafsiriwa uso wake. Dresa akanitafsiria hata hivyo, kwa sauti ya kusikiwa na wodi nzima.

"Anasema nyinyi ni watu wachafu. Anasema serikali inawapa penisilini, inawapa vitanda, nanyi mnaleta uchafu wenu mpaka kitandani. Anasema utoke, usirudi."

Watu wachafu. Nilisimama pale, mkononi nina kitambaa cha Bibi, na maneno mawili hayo yakanipanda mpaka utosini. Mwanamke aliyeacha kunywa maji mpaka midomo ikapasuka, kwa ajili ya usafi, ndiye mchafu. Na huku, mbele ya macho yangu, dresa alikuwa na kibano kimoja. Kibano hicho nilikuwa nimekiona kikitoka kwenye kidonda cha mguu cha mama wa kitanda cha mwisho, chenye usaha wa kijani, kikatumbukizwa kwenye kibakuli cha dawa kwa muda wa kupepesa jicho, kikaja kwa bibi wa Mkange, ambaye bendeji yake iliyolowa dresa aliidhania jasho tu, kikatumbukizwa tena, kikaja kwetu. Kile kibakuli maji yake yalikuwa yamegeuka rangi tangu kitanda cha tatu. Hilo halikuitwa uchafu, kwa kuwa lilivaa nguo nyeupe.

Sikutoka. Nilishika chuma cha kitanda. Daktari alikuwa akiingia kwa mzunguko wake wa asubuhi. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumsemesha moja kwa moja. Ulimngoja akusemeshe yeye. Nikamwambia dresa, "Mwulize daktari swali langu moja, kisha nitatoka."

"Huna la kumwuliza."

"Mwulize. Kilichokatazwa ni maji, au ni maji kufika kwenye jeraha?"

Nadhani nilipopandisha sauti ndipo daktari alipogeuka mwenyewe kutaka kujua kuna nini. Dresa akatafsiri. Daktari akanitazama, akamtazama Bibi, kisha akauliza maji yenyewe yalikuwa ya nini. Ikabidi niseme, mbele ya wanaume wawili, jambo ambalo Bibi alikuwa tayari kufa ili lisisemwe. Nikalisema nikitazama sakafu. Niliongeza kwamba ndiyo maana alikuwa hanywi, na kwamba bila maji hayo hatakunywa tena.

Daktari akajibu, na dresa akatafsiri kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza. "Anasema ni kufika kwenye jeraha."

Ndiyo hivyo tu.

Mambo yaliyofuata yalichukua muda usiotosha kunywa kikombe cha chai, na ndiyo maana hasira hazinitoki. Sista mwenyewe, yule niliyekuwa namchukia dakika ile, alikunja mikono ya gauni. Akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaniamuru nami ninawe vile vile, akinitazama. Akasafisha jeraha, akaweka bendeji mpya, akaifunika kwa kipande cha mpira na kukibandika kingo zote kwa plasta. Akamlaza Bibi ubavu wa mguu mzima, mto katikati ya magoti, akaweka taulo kuzuia maji yasirudi nyuma, akanionyesha kumimina kutoka mbele kuelekea chini, maji yaliyochemshwa yakapoa. Kisha kukausha. Kisha kunawa tena kwa sabuni. Birika la kila mgonjwa liwe lake. Alifanya kwa heshima kuliko nilivyotegemea, amemfunika Bibi kwa shuka mpaka kiunoni, na Bibi akamtazama akasema, "Kumbe nawe unajua." Kama alijua, kwa nini tulikaa siku saba? Nilimwuliza dresa swali hilo kwenye ngazi. Akasema hakuna aliyeuliza. Nikamwambia, wewe ni mtoto wa Kiislamu wa pwani, mama yako anachamba kwa kitu gani? Akashuka, akikiteremsha kigari chake kidato kwa kidato.

Kibano nacho nilikitaja, siku hiyo hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha vuka haya zote. Sikuambiwa lolote. Ila kuanzia kesho yake nikaona vibano vinaletwa kwenye sinia vimefunikwa kitambaa, kila kitanda na chake.

Sindano za penisilini zikazidishwa kwa Bibi. Alidungwa mpaka matako yakawa magumu, na kila sindano aliitukana kwa jina la yule mbuzi. Akanywa maji, akanywa uji, akanywa madafu. Siku ya tatu ya sindano hizo wekundu ukaanza kurudi nyuma. Nyuzi zilitolewa zimechelewa kidogo, na jeraha lilikuwa limefunga, kavu. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, anachechemea na gongo lake, anakwenda chooni peke yake na kopo lake mkononi, na hakutaka mtu amfuate.

Bibi wa Mkange naye alifanyiwa yote hayo, kuanzia asubuhi ile ile. Mpira, plasta, birika lake mwenyewe, sindano. Lakini kwake wekundu haukurudi nyuma. Usaha ulitoka kwanza kidogo kwenye uzi mmoja, kisha ukafungua jeraha lote. Wakamrudisha kwenye chumba cha operesheni kuutoa msumari. Nilikuwa naenda kumwona kila siku, nikiwa nimenawa kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka, na kila siku alikuwa anazidi kuwa mdogo kitandani. Alifariki wiki moja kabla sisi hatujaruhusiwa.

Nimehesabu mara nyingi. Kibano cha dresa kilimgusa kabla hakijamgusa Bibi, na kilikuwa kimetoka kwenye usaha. Mkono wangu ulimgusa baada ya kumgusa Bibi, na ulikuwa umetoka kwenye choo. Maji yangu yalilowesha bendeji yake kama ya Bibi. Daktari hakuniambia ni kipi, na nadhani hata yeye hakujua. Hasira yangu kwa dresa, kwa sista na kwa masharti yasiyoelezwa ni ya haki, siitoi. Lakini kila ninapoipandisha mpaka juu, nafika kwenye birika.

Siku tuliyotoka, yule mkamwana wake alikuwa ametungoja nje ya lango. Alikuwa amemaliza mazishi, akasafiri kutoka Mkange kwa ajili hiyo tu. Akamwamkia Bibi shikamoo, akaitikiwa, kisha akanigeukia mimi na kupiga magoti.

"Dada, nimetumwa na mume wangu," akasema. "Amesema nikushukuru. Mama yake alikufa akiwa twahara, kwa ajili yako. Sisi tusingeweza. Amesema mkono uliomsafisha mama, Mungu aubariki."

Akanyoosha mikono kutaka kuushika. Nikampa wa kulia. Akaubusu, akainuka, akaenda zake kutafuta gari, nami sikumwambia kwamba huo siyo mkono wenyewe.